Namjuaje kocha mzuri wa jimnastiki kwa mtoto wa miaka 7? Niko Dar

MamaSalha
Habari zenu wakuu, naomba mawazo kwa wenye watoto kwenye hii michezo. Binti yangu ana miaka 7, tangu ajue kutembea yeye ni kubinuka tu, makochi yote ndani yameisha springi, na dada wa kazi ndiyo amekuwa jaji wake anamhesabia anavyotembelea mikono koridoni. Baba yake kamharibu kabisa, kamwonyesha klipu za yule Kaylia Nemour wa Algeria aliyechukua dhahabu ya bomba mbili za kuning'inia Olimpiki ya Paris 2024, basi kila anapoona chuma anataka kuning'inia. Sasa mtaani kuna kijana anafundisha watoto jioni, yeye mwenyewe akiruka unabaki mdomo wazi ila wanafanyia kwenye sakafu ya ukumbi na magodoro mawili yaliyochoka. Kuna sehemu nyingine huko Masaki vifaa vyote vipo lakini ada ukiisikia unatafuta pa kukaa. Mimi hata kubingirika sijui, sasa namjuaje kocha mzuri kwa mchezo nisioujua? Naogopa asije kuvunjika shingo, na siku hizi tena na haya mambo ya watoto, mnanielewa.

kigogo_flip
Dada swali zuri sana hili. Mimi nimekulia kwenye sarakasi, mchanga wa Coco ndiyo ulikuwa godoro letu. Kwanza ujue sarakasi na jimnastiki ni ndugu ila hawalali chumba kimoja. Sarakasi zetu ni piramidi, kubebana, kuruka, ni shoo, na zinalipa usizidharau, Ramadhani Brothers walibebana kichwa kwa kichwa mpaka wakabeba shindano la vipaji la Marekani, America's Got Talent ya Fantasy League, Februari 2024. Jimnastiki ni mchezo wa pointi, kwa wasichana kuna meza ya kurukia, bomba mbili, boriti na sakafu. Hiyo boriti ina upana wa sm 10 na iko juu mita 1.25, sasa muulize huyo kijana ameshawahi kufundisha mtu juu yake au na yeye anaiona Youtube kama sisi.

Kuruka vizuri siyo kufundisha vizuri, hapo wazazi wengi ndipo wanapopigwa. Nenda kaangalie darasa la wanaoanza, achana na wale wakali wanaowekwa mbele wageni wakija. Kwa kocha anayejua kazi yake wiki za mwanzo wewe mzazi utaboreka mpaka usinzie, ni kubingirika, kutua magoti yamekunjwa, kusimama kwa mikono ukutani, kukaza tumbo, na KUANGUKA, ndiyo, kuanguka kunafundishwa, mtoto anazoeshwa asitangulize mkono ulionyooka maana ndiyo kiwiko kinavyokwenda. Ukiona mtoto mgeni kabisa anapigishwa samasoti ya nyuma ili video ipostiwe, chukua mtoto wako ondokeni. Angalia pia anavyodaka, mkono mmoja mgongoni mwingine nyuma ya paja, na anamwambia mtoto kabla kwamba nitakushika hapa. Halafu hesabu vichwa, mimi wakizidi nane kwa kocha mmoja simwachi mwanangu. Magodoro mawili siyo kesi kama anafundisha vitu vya magodoro mawili.

Mzee_Kobaz
Mtoto wa kike kupigishwa msamba mbele za watu ndiyo maendeleo hayo? Mpelekeni madrasa na tuisheni, mwakani tutasikia mengine.

MamaSalha
Mzee wangu shikamoo. Madrasa anaenda, na ustadhi naye namchunguza vilevile.

tiba_viungo
😂😂 Mama Salha umemaliza.
Niongezee upande wangu maana hawa watoto wanaletwa kwetu wakiwa wameshaumia. Kunyoosha. Ukikuta kocha anamkalia mtoto mgongoni au anamkandamiza msamba mpaka analia, na wazazi pembeni wanasema ndiyo nidhamu, hapo hakuna kocha. Mtoto anyooshwe mwili ukiwa umeshapata joto na akisema basi iwe basi. Mwisho wa mifupa ya mtoto kuna sehemu laini ndipo mfupa unapokulia, na jimnastiki inabebesha uzito mikono ambayo haikuumbwa kuwa miguu, kwa hiyo maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha, au visigino, au kiuno kuuma akijipinda kwenda nyuma, hayo siyo ya kupaka dawa ya kuchua na kuendelea. Muulize kocha mtoto akisema anaumwa unafanyaje, halafu nyamaza umsikilize. Akikujibu tu "huwa wanazoea" umeshapata jibu lako.

Na kocha wa kumpima mtoto uzito mbele za wenzake au kumsema anavyokula, hapana. Miaka 7 anakua huyo.

Bongo_Houston
Mimi wangu wawili wako kwenye jimnastiki huku Texas. Msidanganyike kwamba vifaa vizuri ndiyo usalama. Marekani walikuwa na kila kitu na bado Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa kabisa, aliharibu watoto miaka na miaka, wengine mzazi akiwa humo humo chumbani na hajashtuka. Januari 2018 ndiyo akapigwa miaka 40 hadi 175. Sasa hivi huku kocha lazima apite mafunzo ya SafeSport, yale ya kulinda watoto michezoni, na achunguzwe historia yake, na waliofungiwa orodha yao iko wazi mtandaoni. Ila mimi hayo yote nayaweka pembeni, naangalia kama mzazi anaruhusiwa kukaa akaangalia. Pale pa kwanza tulipoanzia walitufungia mlango, eti watoto wanakosa utulivu, hatukurudi. Hakuna mazoezi ya peke yake na kocha, hakuna meseji za kocha kwa mtoto, kila kitu kipitie kwako. Na muulize kama wamesajiliwa BMT, Baraza la Michezo la Taifa, siyo kwamba usajili unamzuia mtu ila anayekasirika kuulizwa nina wasiwasi naye. Namba ya simu kwa watoto ni 116, ni bure, mfundishe binti aijue kichwani.

MamaSalha
Asanteni jamani, nimeskrinishoti yote. Kesho naenda kukaa kwa yule kijana toka mwanzo mpaka mwisho. Kuhusu magodoro, wazazi tukichanga si tunaweza kununua?

kigogo_flip
Mnaweza, ila msinunue godoro la kulalia, lile mguu unazama kifundo kinageuka. Nendeni kwa mafundi wa Keko mseme mnataka sponji nzito iliyobanwa, ishonewe turubai gumu na kamba za kuunganisha yasiachiane katikati. Kijana akikataa msaada huo ndiyo ushangae.

baba_junior_Mbagala
Samahani nadandia uzi, wangu wa kiume ana 11 ndiyo ameanza kupenda, hajachelewa?

kigogo_flip
Kwa wa kiume hapana mkuu, vifaa vyao kama pete za kuning'inia na bomba sambamba vinataka misuli na misuli inakuja akibalehe. Mpeleke.