Mjadala: Serikali ya Uholanzi iruhusiwe kusaka wadanganyifu wa ruzuku kwa akili mnemba?

Mleta mada:
Ndugu zangu, naomba tuijadili hoja hii bila ushabiki. Je, serikali itumie akili mnemba kuwabaini wanaodanganya ili wapate ruzuku, mradi sheria ya kuisimamia ipo, au matumizi hayo yapigwe marufuku kabisa? Naileta kwa mfano wa Uholanzi, ambako jambo hili limekwisha kuangusha serikali.

Kwa miaka kadhaa mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, ambayo wakati huo pia ililipa ruzuku ya malezi ya watoto, ilitumia programu iliyompa mwombaji alama ya hatari, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoipandisha alama hiyo. Faili lenye alama ya juu lilipelekwa kwa mtumishi alikague, lakini mtumishi huyo hakuelezwa kwa nini mashine imelitilia shaka. Alikabidhiwa tuhuma isiyo na maelezo. Juu ya hayo, sheria ilitekelezwa kwa ukali usio na kadiri: saini moja iliyosahaulika ingeweza kumfanya mzazi adaiwe ruzuku yote, na wako waliodaiwa makumi ya maelfu ya euro. Maelfu ya familia zilizama katika madeni. Januari 2021 baraza la mawaziri la Mark Rutte likajiuzulu, ingawa (watu hulisahau hili) chama chake kiliongoza katika uchaguzi miezi miwili baadaye, naye akaendelea kuwa waziri mkuu.

Msimamizi alikuwapo. Desemba 2021 mamlaka ya kulinda taarifa binafsi iliitoza ile ya kodi faini ya euro milioni 2.75, yaani serikali ikailipa serikali, fedha zikatoka mfuko wa kushoto zikaingia wa kulia. Kilichouma kweli, kwa maoni yangu, ni mahakama. Tarehe 5 Februari 2020 mahakama ya The Hague ilizuia mfumo mwingine, SyRI, uliounganisha kumbukumbu za raia kutoka idara mbalimbali, kwa sababu sheria yake ilikiuka haki ya faragha na serikali haikutaka kueleza unavyofanya kazi. Kwa hiyo sitaki marufuku. Nataka raia aelezwe sababu kabla hajadaiwa hata senti moja.

Mchangiaji:
Historia naikubali, tiba siikubali. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, imeiweka mifumo ya kuamua nani apate ruzuku katika kundi la hatari kubwa, maana yake inaruhusiwa kwa masharti. Masharti hayo yatazaa nini? Jiji la Amsterdam lilitengeneza mfumo wa kuchuja maombi ya msaada wa jamii, likaupima kama una upendeleo, likaurekebisha, na hata likawasikiliza wawakilishi wa wapokeaji wenyewe. Ulipojaribiwa kwa maombi halisi mwaka 2023, upendeleo ukajitokeza upya, safari hii ukiwaelemea watu wengine, na jiji likauacha. Ikiwa waliojitahidi kiasi hicho wameshindwa, tunamngoja nani afaulu?

Mleta mada:
Ndugu yangu, mfano wako unanipa nguvu mimi. Amsterdam walipima, wakaona, wakaacha kabla mfumo haujaenea jiji zima, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu upendeleo wa mashine hupimika. Wa binadamu je? Katika kashfa hiyohiyo ya malezi, mwaka 2014, familia takriban 300 zilizotumia wakala mmoja wa malezi mjini Eindhoven zilisitishiwa ruzuku kwa mkupuo. Waliosimamia shughuli hiyo walikuwa watumishi wa kikosi cha kupambana na udanganyifu, ambao walimshuku wakala kisha wakawajumuisha wazazi wote katika shaka hiyo. Ungezizima kompyuta zote siku hiyo, wazazi wale wangekatiwa vilevile, na wangeuliza sababu wasijibiwe vilevile. Hebu niambie, marufuku unayoitaka ingeandikwaje ili imfikie na mtumishi huyo?