Mjadala: Kukosa basi lililopata ajali, ni mkono wa Mungu?

MtotoWaMchungaji: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili kaka mmoja alishuhudia kanisani kwetu kwamba alichelewa stendi, basi likamwacha, huko mbele likapinduka na watu wakafa. Kanisa zima haleluya! Benchi la mbele yangu alikuwepo mama aliyefiwa na mdogo wake ajalini mwaka jana. Aliinama mpaka ibada ikaisha. Nauliza: Mkristo amtambueje Mungu katika mambo ya kila siku bila kumfanya aonekane ana upendeleo?

FundiSeremala: Yesu alishalijibu hilo, kama sikosei Luka 12, walioangukiwa na mnara. Alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Kwa hiyo na aliyepona asijione mwema. Hizi shuhuda za basi ni mambo ya akina mama wa maombi, wao hata kupata siti kwenye daladala ni muujiza.

MamaWawili: Ni Luka 13:4. Mnara wa Siloamu, watu 18. Akina mama wa maombi tumekukosea nini wewe? Aliyeshuhudia ameandikwa hapo juu ni kaka!

FundiSeremala: Nimesema kwa ujumla.

MamaWawili: Kwa ujumla ndiyo nini? Siti unaidharau kwa sababu hujasimama na mtoto mgongoni kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Ukipata siti siku hiyo utashukuru tu.

MzeeWaBaraza: Dada yangu, taratibu. Hata Martha alihangaika na kuhudumia nyumbani, Bwana akamwambia kwamba nduguye Mariamu, aliyeketi kumsikiliza, ndiye aliyelichagua fungu lililo jema. Tukae miguuni pake kwanza, hayo mengine yatafuata.

MamaWawili: Shikamoo mzee. Kila tukisema jambo tunaletewa Martha. Semina ya mwezi uliopita ninyi mlikuwa ndani na Biblia zenu, sisi nyuma ya kanisa tunakwangua ukoko wa pilau. Mahubiri tuliyasikia kwenye spika, na jenereta likiwashwa hatusikii kitu. Binti mmoja tuliyekuwa tunaosha naye akanong'ona kwamba nyumbani kwao hawajapika tangu juzi. Tukamfungia chakula, mmoja akavua kanga akampa abebee. Mathayo 25, "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula". Mimi siku hiyo Mungu nilimwona hapo kwenye masufuria, na sihitaji mtu aniambie nilikosa fungu jema.

Mkarmeli: Amina, mama! Kule Paris alikuwepo Ndugu Lawrence, mpishi wa monasteri ya Wakarmeli, watawa wa Kikatoliki, alifariki 1691. Alikuwa akisema katikati ya kelele za jikoni alikuwa na Mungu sawasawa na akiwa amepiga magoti mbele ya Sakramenti.

FundiSeremala: Sasa tumeingizwa kwa watawa. Mtu aliyeokoka anahitaji mtawa amwonyeshe Mungu?

Mkarmeli: Sijasema unahitaji. Wewe ndiye uliyemnukuu Luka nusu nusu, mama akakusahihisha.

MzeeWaBaraza: Acheni hizo. Na ushuhuda msiudharau. Uamsho wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika kwa watu wa kawaida kusimama na kusema. Ila wazee wale walisimama kutubu. Mtu alitaja alichoiba, kesho yake anakirudisha kwa mwenyewe. Huyo jirani aliyerudishiwa jembe lake hakuuliza kama Mungu yupo. Siku hizi tunashuhudia tulichopata tu, ndiyo maana shuhuda zinawaumiza waliokosa.

MtotoWaMchungaji: Mzee, hapo umenigusa. Sasa yule kaka angesemaje?

MzeeWaBaraza: Angeshukuru kuwa hai, kisha awaombee waliofiwa palepale, kwa sauti. Hata nauli yake angeipeleka msibani.

FundiSeremala: Naunga mkono. Ila bado nasema siti si muujiza.

MamaWawili: Nani amesema muujiza? Nimesema kushukuru. Na mzee, umejibu ya basi vizuri sana, ya masufuria umeyaruka. Semina ya akina baba ni wiki ijayo. Nani anaosha?

MzeeWaBaraza: Nitalifikisha kwenye baraza.

MamaWawili: Baraza mnakaa mwisho wa mwezi, mzee wangu. Semina itakuwa imeshapita.