Manusura wa vita Kongo: lazima asimulie ndipo apone?

Ndugu wanajamvi, tulijadili hili bila kukwepa. Mwanamke aliyebakwa vitani kule Kivu, mashariki mwa Kongo, ameshasimulia kwa polisi, kwa daktari, kwa wakili. Kisha anafika kwa mnasihi, naye anamwambia, "Nieleze tangu mwanzo." Mimi nasema imetosha. Tuanze na mwili.

Mlango ukibamizwa tu, moyo unamwenda mbio, mabega yanapanda, pumzi inakata. Hapo hata umuulize jina la mwanawe, hakusikii. Mtu huyo kwanza afundishwe kushusha pumzi polepole, asikie nyayo zake zinavyokanyaga sakafu, acheze ngoma na wenzake. Maneno yatakuja akiwa tayari. Bukavu, mji wa Kivu, wanalifanya hili: City of Joy, kituo cha manusura kilichofunguliwa 2011, kina ngoma na mazoezi ya kujilinda, na Panzi, hospitali aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, manusura wametunga nyimbo zao na kuzirekodi, mtaalamu wa saikolojia akiwa nao. Kwa nini haya yahesabiwe burudani?

Mchangiaji: Dada, nakuheshimu, ila ngoma inaliwaza, haitibu. Utafiti uliochapishwa 2013 ulihusisha wanawake 405 mashariki mwa Kongo. Miezi sita baada ya tiba ya maongezi kwa vikundi, asilimia 9 tu ndio waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi. Waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida, asilimia 42. Niletee takwimu kama hizo za ngoma. Halafu katika mazoezi hayo ya mwili, mama aliyebakwa unamwambia alale chali, afumbe macho, mtu amshikeshike mabega? Unamrudisha kulekule.

Mleta mada: Kaka, hilo la kushikwa nakubaliana nawe kabisa. Mwelekezaji wa mazoezi anayeijua kazi hamgusi mtu bila ruhusa wala haamuru macho yafumbwe. Anayetaka kukaa karibu na mlango anakaa. Lakini utafiti huo usome mpaka ndani. Sehemu ya kusimulia tukio waliiondoa! Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi ya kuandika yakarahisishwa, wakajifunza kwa kukariri. Tiba ndiyo iliyomfuata mama alipo, na hicho ndicho ninachokidai. Ngoma haina takwimu nzito kama hizo, ni kweli. Basi itengewe fedha ipimwe.

Mchangiaji mwingine: Mimi ni muuguzi huku Kasulu, Tanzania, tunapokea wakimbizi wa Kongo kutoka kambi ya Nyarugusu. Wanakuja na mgongo, kichwa, tumbo. Vipimo safi, tunawapa dawa ya maumivu, wiki ijayo wamerudi. Ukimwelekeza mtu kwa mnasihi anakujibu, "Mimi si kichaa." Ukimwambia njoo tufanye mazoezi ya mgongo na ya kupumua, anakuja, na safari ya pili anakuja na jirani yake. Kwa hiyo niko na dada. Ila mnijibu wote wawili: mwelekezaji huyo atalipwa na nani? Tukimwachia mfadhili, siku mradi ukiisha na kikundi kimekufa. Halmashauri inaweza kumwajiri?