Ushauri: Nichague nyimbo gani za kukimbilia kilomita 21?

DadaWaTabata
Habari za asubuhi wakuu. Najiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Kwenye kikundi chetu cha jogging kila mtu ana lake: vijana wanataka singeli mwanzo mwisho, wengine amapiano, na mzee wetu mmoja hataki muziki kabisa. Shida yangu hasa ni kilomita za mwisho, pale pumzi bado ipo lakini akili imeshakata tamaa. Nyimbo nizichague kwa kufuata nini? Naomba kuwasilisha.

Kocha Mstaafu
Binti, usianze na msanii, anza na miguu yako. Kimbia mwendo wako wa kawaida, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 40, hatua zako ni 160 kwa dakika. Sasa tafuta wimbo wenye mapigo 160, au 80, maana kwenye 80 kila pigo linaukuta mguu uleule. Mapigo ya wimbo hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mchakamchaka ndivyo unavyofanya kazi. JKT tulikimbia bila spika wala simu. Kiongozi anaimba, kundi linaitikia, mguu unashuka palepale neno linapoangukia. Aliyechoka anabebwa na sauti za wenzake.

Mtoto wa Manzese
Shikamoo kocha. Singeli je? Mimi nikiisikia tu damu inachemka.

Kocha Mstaafu
Marahaba. Singeli ina mapigo 200 na zaidi, nyingine inakaribia 300. Hakuna mguu wa kilomita 21 unaoweza kuifuata. Iweke kwenye mbio fupi za kasi, au isikilize kabla ya kunyanyua vyuma. Amapiano mara nyingi iko kwenye 110 hadi 115, huo ni mwendo wa kutembea haraka. Pashia misuli.

Fiziolojia
Naongezea kwa kocha. Profesa Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Kazi ikiwa ya wastani, muziki unapunguza namna unavyouhisi uchovu. Ukishasukuma karibu na ukomo wako, mwili unapiga kelele kuliko hedifoni, na msaada huo unapungua sana, ingawa wimbo unaoupenda bado unaweza kukutia moyo. Kwa hiyo dada, usitegemee wimbo ukuokoe kama umeanza kwa kasi isiyo yako.

Mama Wawili
Mimi zile za mwisho nawekea rumba la Kikongo. Linaanza taratibu, ukishatulia ndani yake sebene inaingia na gitaa linakuvuta. Ila nyimbo hizo nazihifadhi jamani! Ukizisikiliza tangu kilomita ya kwanza, zikifika zamu yake sikio limeshazizoea.

Mkimbiaji wa Arusha
Haile Gebrselassie, yule mkimbiaji wa Ethiopia, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi kule Birmingham, Februari 1998, uwanjani walikuwa wanapiga wimbo wa "Scatman", na mapigo ya wimbo huo yalikaa vizuri na hatua zake. Lakini ule ulitoka kwenye spika za uwanja. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, haziruhusu mshindani kukimbia na kifaa cha muziki, kwa hiyo soma masharti ya mbio zako mapema na ufanye baadhi ya mazoezi kimyakimya. Barabarani vaa sikio moja tu, bodaboda hazisubiri wimbo uishe. Na sauti ipunguze: WHO inasema desibeli 80 mwisho saa 40 kwa wiki, zikifika 90 ni saa 4 tu.

DadaWaTabata
Asanteni sana wakuu. Nimehesabu jioni hii, nimepata 164, kwa hiyo natafuta za 82. Kocha, ule mlima wa kuelekea Mweka je? Hapo nitaweza kweli kufuata mapigo?

Kocha Mstaafu
Utaweza. Fupisha hatua, hesabu jaribu kuibakisha ileile. Ukiona pumzi inakatika, achana na wimbo, fuata pumzi mpaka juu, ukianza kushuka ndipo uurudie.