Chanjo ya gripi ya kunywa, eti ndani kuko bakteria??

Mama_Katindo
Jamani habari zenu. Mwanangu anasoma mambo ya labo huko Bukavu, juzi kwa simu akaniambia watafiti wanatafuta chanjo ya gripi (influenza) ya kunywa na ndani wanaweka bakteria. Nikamuuliza gripi si ni virusi, sasa bakteria inaingia wapi? Akacheka tu, mega za intaneti zikaisha. Mwenye anajua anieleze pole pole, na tena gripi si inabadilika kila mwaka?

Muuguzi_Ndosho
Mama, bakteria hapo ni chukudu tu, ile baiskeli ya mbao, kazi yake kubeba mzigo. Wanachukua ile isiyo mbaya, kama Lactobacillus, ama Salmonella yenye wamelegeza nguvu, wanaipatia kipande cha virusi ibebe mpaka kwenye matumbo, askari wa mwili wakione wajifunze. Juu ya kubadilika: chanjo ya sindano inalenga sana kichwa cha protini inaitwa hemaglutinini, na kichwa ndicho kinabadilika, ndiyo maana OMS (Shirika la Afya Duniani) inachagua aina za virusi mara 2 kwa mwaka. Hawa wanatafuta kipande chenye hakibadiliki sana, mfano M2e, kadogo kabisa, asidi amino (vitofali vya protini) 23 hivi. Kwa panya inapunguza ukali wa ugonjwa lakini haifungi mlango kabisa, kwa hiyo wengine wanaongeza shina la hemaglutinini, lile la chini ya kichwa.

MwanaBirere
Kumbe! Basi mimi na maziwa ya kuganda ya Masisi kila asubuhi nimeshachanjwa 😂

Muuguzi_Ndosho
Hapana ndugu, hiyo ni chukudu bila mzigo 😂

Yaya_Kadutu
Kunywa chanjo si kitu kipya, kuko matone ya polio, kuko ya kolera, na ile ya tifoide Ty21a ni Salmonella hai ndani ya kapsuli, kwa sababu asidi ya tumbo ingeiua. Kwa kubeba mzigo mimi napenda spora za Bacillus subtilis, yaani bakteria yenye imejifungia ndani ya ganda gumu, zinavumilia joto na asidi. Mnakumbuka chanjo ya Ebola 2019, kuitunza kwa baridi ya digrii -60 mpaka -80, na umeme wetu huu? Ila tumbo limezoea chakula, linaweza kuona ile kitu ni chakula tu likanyamaza, hapo ndipo wanapigana napo. Ya gripi yenye kubebwa na bakteria bado haiuzwi popote, mtu akikuletea kichupa sokoni mkimbie.

Mama_Katindo
Aksanti sana yaya. Chukudu nimeelewa, hiyo ya tumbo kunyamaza nitamuuliza mwanangu, leo namtumia mega mimi mwenyewe.