Yule mwenye kampa nyeupe (gari la kulala safarini) kamwaga choo mtoni, halafu eti "maji yanatembea"!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnamjua wote, yule wa kampa nyeupe yenye taa za kumulika mpaka Iringa mjini. Ruaha Mbuyuni asubuhi hii, watu wanachota maji ya chai, yeye kashuka na kaseti ya choo, lile tangi la kinyesi linalochomolewa garini, lita 20 nzima, kaimimina mtoni. JUU ya pa kuchotea. Si chini, JUU! Kaulizwa, kajibu: "Maji yanatembea."

Yanatembea kwenda wapi kama si kwenye sufuria za watu na pampu za wakulima wa vitunguu?

Na ile si kinyesi kitupu. Ile dawa ya bluu inayowekwa kwenye kaseti huzuia harufu kwa kuua bakteria, na baadhi zina formalini. Hata kwenye septiki ni balaa: inaua bakteria wanaoozesha uchafu. Kaseti inamwagwa kwenye choo cha shimo kilicho mbali na mto. Unageuza shingo, unabonyeza kitufe cha hewa wakati unamimina ili isiruke, unasuuza kwa lita mbili tatu, na za kusuuzia zinaingia shimo hilohilo. Dakika tano! Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Yeye kasimama ndani ya maji, kainamisha kaseti, "maji yanatembea". Lita 20!

#2 Mleta uzi, umeandika kama umemwagiwa wewe kichwani. Na nani anakunywa Ruaha bila kuchemsha? Huko juu kuna ng'ombe kibao. Yatokote dakika moja, maisha yaendelee.

#3 #2 acha kumtetea. Kuchemsha kunaua vijidudu, dawa ya choo hakuitoi.

#4 Kumbe ni huyohuyo wa jenereta! Inanguruma mpaka usiku wa manane kwa ajili ya kifriji cha volti 12. Friji ile inavuta amp 4 au 5 kompresa ikiwaka, na haiwaki muda wote. Betri nzima ya 100 Ah inakesha nayo vizuri kabisa. Zima hilo lidude, watu walale!

#5 #4 inakesha wapi? Betri yangu mpya, friji inajizima saa nane usiku.

#6 #5 waya wako mwembamba. Waya wa 1.5 mm², mita 5 kwenda na 5 kurudi, kwa amp 5 unameza zaidi ya nusu volti. Friji inadhani betri imekwisha, inajikata. Weka 6 mm², fyuzi ya amp 15 karibu kabisa na betri.

#1 Wakuu, tunazungumzia CHOO! Kamwaga JUU ya pa kuchotea!

#2 Tumesikia mkuu. Yanatembea.

#7 Mnagombana na mmeegesha ukingoni kabisa. Bwawa la Mtera huko juu wakifungulia maji kwenda bwawa la Kidatu, mto unapanda bila hata wingu. Tafuta mstari wa majani makavu na vijiti vilivyokwama vichakani, hapo ndipo maji yalifika; egesha juu zaidi ya hapo. Na ukiona njia laini iliyolimika kutoka majini, yenye kinyesi kilichotawanywa pembeni, ondoka hapo, ni ya kiboko.

#4 Kuni je? Kambi wanauza mbichi kwa bei ya mkaa, zinatoa moshi tu!

#5 #6 nimepima kompresa ikiwa inawaka: betri volti 12.3, kwenye plagi ya friji 11.4.

#6 Basi betri ni mzima, volti 0.9 zinapotea njiani. Gusa lile tundu la kiberiti cha gari: likiwa la moto, limelegea. Ling'oe, funga soketi ya kubana. Na kwenye friji shusha kinga ya betri (ile inayoikata friji volti zikishuka) kutoka H, ya juu, hadi M, ya kati, mpaka upate waya mnene.

#5 La moto kweli. Soketi ya kubana Kariakoo wanauzaje?