Seva ikiganda, nitoaje nakala ya memori kabla ya kuiwasha upya?

Nyaya_Saba: Wakuu, habari. Seva ya AlmaLinux 9, RAM GB 32, inaganda. Ping inajibu, SSH (kuingia kwa mbali) haiingii, kibodi imekufa. Ikizimwa kwa kitufe na kuwashwa inarudi vizuri, ila logi zinakatika ghafla bila maelezo. Nataka ikiganda tena nipate vmcore (faili la nakala ya memori) kwanza. Naanzia wapi?

Kerneli64: Mkuu, acha kitufe cha pawa kabisa. Ushahidi wote uko kwenye RAM, ukikata umeme umeufuta.

Unahitaji kdump, huduma ya Linux ya kuhifadhi nakala hiyo. Kerneli (kiini cha mfumo) ya pili inapakiwa mapema kwenye RAM iliyotengwa. Ya kwanza ikipata panic (hitilafu inayoisimamisha kabisa), ya pili inashika usukani, inaandika memori kwenye /var/crash, halafu inaiwasha mashine upya yenyewe. Baada ya kuganda huwezi tena kuiandaa, kwa hiyo fanya leo:

dnf install kexec-tools
kdumpctl reset-crashkernel --kernel=ALL
systemctl enable kdump
reboot

Kwa RAM yako itatenga MB 256. Ikirudi, andika kdumpctl status. Kisha jaribu kwa kuiangusha makusudi, saa ambayo hakuna watumiaji, hifadhidata ukiwa umezisimamisha:

sync
echo c > /proc/sysrq-trigger

Usipokuta vmcore baada ya hapo, usiitegemee siku ya tatizo. Ukikuta vmcore-incomplete, mara nyingi diski imejaa au MB 256 hazitoshi kwa sababu ya draiva nyingi. Kama ni memori, weka crashkernel=512M kwa grubby (zana ya kubadili vigezo vya kuwashia kerneli), uwashe upya.

Mdau_wa_Diski: Naongezea jambo kubwa: kdump inasubiri panic, na mashine iliyoganda si lazima ipate panic. Lazima uilazimishe. Weka kwenye /etc/sysctl.d/90-panic.conf:

kernel.unknown_nmi_panic = 1
kernel.softlockup_panic = 1

Kisha sysctl --system. Ikiganda, tuma NMI (ishara ambayo prosesa haiwezi kuipuuza) kutoka kompyuta nyingine kupitia BMC (kidhibiti cha seva kinachojitegemea): ipmitool -I lanplus -H anwani -U jina chassis power diag. Hiyo inafika hata kibodi ikiwa imekufa. hung_task_panic (panic prosesi ikikwama) usiiwashe ovyo, maana diski au NFS ikichelewa sekunde 120 tu, seva nzima inaangushwa.

Ping kujibu huku SSH ikikwama kunanitia shaka na diski. Ping inajibiwa na kerneli yenyewe, sshd inahitaji kuanzisha prosesi na kusoma faili. Kwa hiyo kwenye /etc/kdump.conf ningeelekeza vmcore iende seva nyingine kwa NFS au SSH, si diski ileile inayoshukiwa. Angalia pia watchdog ya hadwea (kipima muda kinachoiwasha mashine upya ikiganda): muda wake ukiwa mfupi, inaiwasha mashine upya nakala ikiwa nusu.

Nyaya_Saba: Shukrani sana. kdumpctl inasema hakuna memori iliyotengwa?

Kerneli64: Hujawasha upya baada ya reset-crashkernel. Thibitisha kwa cat /proc/cmdline, lazima crashkernel= ionekane.

Ukishapata nakala, anza na vmcore-dmesg.txt, mara nyingi jibu liko humo. Ukihitaji zaidi, fungua vmcore kwa programu ya crash pamoja na kernel-debuginfo (taarifa za kuchunguzia kerneli) ya toleo lilelile lililoanguka, halafu tumia bt -a na foreach UN bt. Hiyo ya pili inaonyesha kila prosesi iliyokwama inasubiri nini. Na usiirushe vmcore hapa jukwaani mkuu, ndani yake huweza kuwemo nywila na funguo.